Mwaka wa Kanda Tisini na Sita

Kanda za video zilikuwa tisini na sita, na katika nyumba nzima mimi peke yangu ndiye niliyeweza kuzisoma. Siyo kwamba nina elimu. Niliishia darasa la saba Muheza, na hesabu zilinipiga chenga. Lakini utotoni nilikaa chuoni kwa maalimu miaka minne, nikajua herufi za Kiarabu, na maandishi ya kwenye zile kanda yalikuwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo, kama wazee walivyokuwa wakiandikiana barua. Wajukuu wa nyumba ile wamefika chuo kikuu. Kiarabu wanakisoma mbio, ila wakiishika kanda wanabaki kutoa sauti tu, "Ma... ta... nga... Bibi, hii nini?" Kiswahili hawakijui sawasawa. Mimi nikitazama naona: Matangazo ya theluji, mwezi wa kwanza. Siku niliyosoma hivyo kwa sauti, Bibi aligeuka na kiti chake chote akanitazama. Nilifurahi, sifichi. Sikujua kwamba kusoma kule ndiko kutakakoniweka pale.

Bibi ndiye aliyekuwa kazi yangu. Mzaliwa wa Unguja, mjane, miguu imekataa na maandishi madogo hayaoni tena, lakini akili kali kuliko yangu. Nyumba ilikuwa Wattaya, mtaa wa Maskati, Omani, nyuma ya maduka ya magari, nyumba ya mwanawe mkubwa, mtu wa serikalini, ambaye ndiye kafili wangu, yaani aliyenitolea viza na kubeba dhamana yangu. Niseme haki. Chakula nilikula walichokula wao, chumba changu kilikuwa na kiyoyozi, na paspoti hakuninyang'anya. Nilimpa mwenyewe wiki ya kwanza, nikasema, "Niwekee, baba, mimi msahaulifu." Akaifungia kwenye kabati lake. Kwa hiyo kwenye hilo sina wa kumlaumu.

Kanda zilitoka Uingereza. Marehemu mume wa Bibi alipelekwa kusoma huko mwaka mmoja, mwaka wa themanini na mbili, akafuatana naye. Akanunua mashine ya kurekodi, akawa anarekodi televisheni toka mwezi wa kwanza mpaka wa kumi na mbili. Alipofariki, kanda zikavurugika. Wajukuu walikuwa wanamwekea yoyote inayokuja mkononi, vita kabla ya theluji, Bibi akakasirika akaacha kutazama. Nilipofika mimi nikazipanga. Basi kila siku baada ya sala ya alasiri, isipokuwa Ijumaa, natia kanda moja, yeye kwenye kiti cha magurudumu, mimi chini kwenye zulia namsugua miguu kwa mafuta. Tukifika mwisho tunaanza tena. Kwa miaka mitatu niliyokaa pale tuliuzunguka mwaka ule mara saba, au nane.

Nimeujua kuliko mwaka wowote niliouishi mwenyewe. Unaanza na theluji imefika kwenye madirisha. Zinakuja meli za vita zinaelekea visiwa vya mbali huko kusini, na bwana mmoja anatoa taarifa polepole kama mwalimu anayesomea watoto imla. Linakuja kombe la dunia. Kuna siku watu wamekaa kutwa wanatazama maji, mpaka meli ya kale iliyozama zamani za wafalme inanyanyuliwa, mbavu tupu. Halafu mwezi wa kumi na moja inafunguliwa chaneli ya nne, maana mpaka hapo zilikuwa tatu tu, na kinachoanza ni mchezo wa kupanga herufi na kupiga hesabu huku saa kubwa inazunguka.

"Nchi nzima inangoja chaneli mpya," Bibi alikuwa akisema kila tulipofika hapo. "Imekuja, kumbe skuli!"

Na kulikuwa na kanda tano za msichana. Mume alitaka kurekodi habari za saa tatu usiku. Saa yake kichwani ilikuwa ya Kiswahili, mashine ilikuwa ya Kizungu, akaiandikia tatu. Mashine ikarekodi saa tisa alasiri, wakati hakuna kipindi, televisheni inaonyesha picha moja tu iliyosimama: msichana wa Kizungu mwenye utepe kichwani, ubao wa kuandikia, na mwanasesere wa kitambaa kando yake. Wanacheza mchezo wa kuandika duara na msalaba, na hawaumalizi. Muziki unapigwa, picha haitikisiki, saa nzima, saa mbili. Kwenye karatasi imeandikwa: Habari.

"Alikosea mara tano hiyo hiyo?" nilimuuliza Bibi.

"Alikuwa msomi," akanijibu.

Hata hizo tulizitazama. Nilidhani anafanya mzaha, lakini alikuwa anatulia mbele ya yule msichana kuliko mbele ya vita. Siku moja akanieleza. Mume alikuwa anatoka asubuhi, anarudi magharibi. Yeye Kiingereza hajui, mtu hamjui, yumo kwenye chumba cha ghorofani.

"Hukuwa unatoka, Bibi?"

"N'toke na nini? Koti sina. Nikimwambia, baridi inaniuwa, ananambia hii siyo baridi khasa, ngoja ije yenyewe. Ikaja yenyewe, mabomba yakaganda. Akasema aa, sasa inakaribia kwisha, koti la nini?"

"Na mwezi wa saba, kiangazi?"

"Mwezi wa saba nshazoea kukaa ndani."

Tukacheka sana. Naye ni mtu wa haki, akaongeza kwamba mume alikuwa akirudi anamenya vitunguu na anapika, na zile kanda alimrekodia yeye, ili arudierudie maneno mpaka ajue Kiingereza. Na alikijua. Daktari akija nyumbani, Bibi ndiye mwenye Kiingereza cha kunyooka kuliko wote.

Mimi sikuwa nimekatazwa kutoka. Hilo nalo niliandike sawasawa. Ila Bibi hawezi kuachwa peke yake, na wenzake wote wa nyumba wana kazi na masomo, basi nitatoka lini? Dirisha la jikoni lilitazama duka la magari, magari yamepangwa ndani ya vioo yanang'aa, wiki kwa wiki. Ijumaa mwanawe alitupeleka Sidab kununua samaki, au kupita Maskati ya zamani Bibi atazame kuta. Bibi mbele, mimi nyuma. Mlango wa nyuma haukufunguka kwa ndani, ulifungwa kwa ajili ya wajukuu wadogo. Nilikuwa nakaa nangoja mtu akumbuke kunifungulia. Mara zote walikumbuka, baada ya kuteremsha kiti cha Bibi na mifuko.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Siku chache baada ya Idi kubwa, mdogo wangu alinipigia simu kutoka Muheza. Akasema, "Dada, Mama anamimina chai nje ya kikombe." Walimpeleka hospitali, wakaambiwa ni presha ya macho. Uoni uliokwisha kwenda haurudi. Uliobaki dawa inauchelewesha tu. Nikaomba nimwone kwa simu ya picha. Mama akashikishwa simu, akawa anatazama pembeni, sikio lake ndilo limenielekea.

"Mama, niko huku."

"Nasikia. Sikuoni. Naona kama nachungulia kwenye bomba, na simu inacheza. Sauti yako ninayo kila wiki, mwanangu. Njoo nikuone uso, kabla bomba halijaziba."

Hilo ndilo nililokuwa nalitaka, na sikutaka jingine: mama yangu anione angali anaona.

Nilimwambia Bibi alasiri ile ile. Ilikuwa kanda ya mwezi wa nne, meli zinatoka bandarini, watu wanapunga vitambaa. Bibi hakuondoa macho pale. Akainua kidevu kuelekea televisheni, akasema, "Mwaka huu ukiisha, inshaallah, utakwenda."

Kesho yake, nikifuta vumbi, nilihesabu kanda zilizobaki. Sitini na mbili. Kwa kanda sita za wiki, ni wiki kumi na kidogo. Nikampigia Mama, nikamwambia wiki kumi. Akasema, "Nitangoja. Nitayabana haya macho."

Hata mwezi haujaisha mdogo wangu akapiga tena. Mama amegonga fremu ya mlango akapasuka juu ya jicho. Bomba limekuwa jembamba. Hapo ndipo nilipoanza kuiba.

Sikuiba kwa kuuza. Niliiba siku. Nilianza na kanda za msichana, nikijiambia hizo nani atazikumbuka, picha moja haitikisiki. Zilikuwa zimebaki tatu mbele yetu, nikazitia kwenye sanduku langu la safari, chini ya nguo. Halafu nikachukua tano za kombe la dunia, kwa sababu Bibi mpira haupendi, husinzia. Halafu mbili za hotuba. Kila niliyoichukua niliandika kwenye daftari: leo nimepunguza siku moja. Nilijua ni vibaya. Niliandika pia kwamba ni vibaya, kana kwamba kuandika kunapunguza.

Nilimwambia mtu mmoja tu, dada wa Kenya aliyefanya kazi nyumba ya jirani, tuliyekuwa tukikutana kwenye mapipa ya taka. Alishika kiuno.

"Ati unaiba nini?"

"Mwaka."

"Wee! Wenzako wanaiba sukari, wewe unaibia mtu mwaka mzima? Na huyo mama ameandika mahali kwamba hizo kaseti zikiisha unaenda?"

"Kasema kwa mdomo wake. Mwaka huu ukiisha."

"Mwaka upi sasa?"

Nilimcheka. Nikamwona hajui mazoea yetu. Mpaka leo naona haya nikikumbuka kicheko kile.

Tukafika mwezi wa nane wa kanda kwa haraka ya ajabu. Alasiri moja Bibi akanyoosha kidole kuzuia nisibonyeze.

"Yuko wapi yule msichana?"

"Nani, Bibi?"

"Msichana na mwanasesere wake. Hapa, baada ya mvua, hukaa yeye."

"Hiyo kanda imeharibika, Bibi. Imekwama." Huo ndio uongo niliomwambia, neno kwa neno.

"Na mpira nao umekwama? Mwezi wa saba mzima? N'lidhani nimelala, nikasema labda uzee. Kumbe sikulala." Akakigeuza kiti. "We mtoto wa Muheza, nitazame. Mwezi wangu wa saba umeupeleka wapi?"

Nikakaa chini. Nikamwambia yote: sanduku, daftari, kanda kumi. Nikamwambia, "Wewe ulisema mwaka huu ukiisha nitakwenda. Zimebaki thelathini na moja tu."

Kwanza hakuelewa. Alipoelewa, mdomo ukabaki wazi.

"Mwaka wa televisheni? Mimi n'seme utakwenda kwa mwaka wa televisheni? Mwaka, mwanangu, mwaka! Hukulelewa pwani wewe? Mpaka tufunge Ramadhani tuifungue!"

Hapo ndipo nilipomwelewa. Kwetu wazee wanaanza kuhesabu mwaka Ramadhani ikiisha: mfunguo mosi, mfunguo pili, mpaka Rajabu, Shaabani, na Ramadhani yenyewe ndiyo inayoufunga. Bibi yangu mzaa mama alihesabu hivyo hivyo, na mimi nilihesabu naye nikiwa mtoto. Ahadi niliipata mfunguo tatu. Siku ile tulikuwa mfunguo nne. Ilibaki zaidi ya miezi minane.

Hasira ilinipanda, nikasema neno ambalo sijui kama nilikuwa na haki nalo. Nilisema, "Bibi, wewe ulifungiwa ndani mwaka mmoja, ukaurekodi, na mpaka leo unautazama. Mimi huu ni wa tatu."

Akanijibu bila kupandisha sauti. "Mimi nilikuwa mke, sikulipwa. Wewe unalipwa, na mkataba ukaongeza kwa mkono wako."

Kweli. Niliuongeza kwa mkono wangu.

Siku tatu hatukutia kanda. Nilimwosha, nilimlisha, nilimpeleka kwenye msala wake, na tuliongea ya lazima tu: maji, dawa, geuka. Nilizirudisha zile kanda kabatini, kila moja mahali pake. Mimi nilikuwa nimeshajiambia kwamba Mama ataniona kwa mikono, kama wengine wanavyoonwa, na kwamba wapo wenye makubwa zaidi. Niliandika hivyo kwenye daftari, kisha nikaufuta ule mstari kwa sababu sikuwa naamini.

Siku ya nne, baada ya alasiri, akaniambia nitie kanda. Ipi? Yoyote. Nikatia ile ya meli ya kale. Maji, maboti, watu wanangoja.

"Mama yako," akasema, "anaona kiasi gani?"

"Kama bomba, Bibi."

"Bomba la kiasi gani?"

Nikakunja kiganja nikaacha tundu, nikamwonyesha. Akakikunja chake vivyo hivyo, akakiweka kwenye jicho, lile jingine akalifumba. Akatazama televisheni namna ile. Akahamisha mkono kushoto, akaitafuta meli, akaipata, akaipoteza. Alikaa hivyo mpaka kanda ikakaribia mwisho.

Kisha akamwita mwanawe, akamwambia, "Huyu aende kwa mamake. Si mwaka ukiisha. Sasa."

Mwanawe hakuwa mkali. Alikaa mbele yetu na kanzu yake ya kazini, akanambia, "Mimi sikukatalii, dada. Haki yako, ungesema mapema. Lakini nimekwisha kuleta watu kabla yako, na Bibi kila mtu anamkataa kwa sababu hawezi kumpangia hivi vitu vyake. Nipate wapi mwingine anayesoma haya?"

Nikasema, "Si lazima asome. Nitazitia namba."

Wakanitazama wote wawili. Nilishangaa mwenyewe kwamba miaka mitatu halikunijia. Labda lilinijia nikalisukuma. Kuwa wa pekee mahali ni kutamu, hata panapokubana. Sijui. Naliandika hivyo kwa sababu ya haki tu.

Ilituchukua siku kumi na mbili. Mwanawe alileta karatasi za kubandika na kalamu ya wino mzito. Mimi nasoma alichoandika marehemu, Bibi anasema kama ni kweli au si kweli, maana pengine marehemu aliandika habari na ndani ni msichana. Nabandika namba. Moja, theluji. Thelathini na nne, meli zinatoka. Kila tukimaliza kumi namwona Bibi amepungua furaha, na mimi naandika upesi zaidi. Tulipofika ya themanini na kitu, chaneli ya nne, akanambia, "Pole pole basi. Unanifukuzia?"

"Samahani, Bibi."

"Usiniombe samahani. Andika."

Msichana mpya akaja kutoka Iringa, mpole, hata alifu haijui. Nikamwambia tia kanda ya arobaini na moja. Akaitia. Bibi akatazama mwanzo wake, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo kabati likafunguliwa nikapewa paspoti.

Niliporudi chumbani nikampigia Mama. Akauliza swali moja: "Utavaa nini? Watu watakuwa wengi pale stendi. Vaa nyekundu. Nyekundu bado inanijia."

Nguo nyekundu sikuwa nayo. Nikamwomba Bibi nusu saa, nikatoka kwa miguu, peke yangu, mchana wa jua kali, nikapita duka la magari, na jingine, na jingine. Wattaya unaweza kununua gari kabla hujaona kitambaa. Mwisho nikampata fundi cherehani wa Kihindi kwenye kichochoro, ana kitambaa chekundu cha mapazia. Nikakinunua hicho hicho, nikashona mwenyewe kwa mkono, gauni pana lisilo na umbo. Bibi alipoliona akasema, "Ee, unakwenda kuongoza magari?" Akanishika kichwa akaniombea dua, akanambia niondoke kabla hajaanza kulia, kwani akilia anaumwa kichwa.

Stendi ya Muheza Mama alikuwa amesimama kwa kushikwa na mdogo wangu, uso ameuelekeza kwenye basi lisilo langu. Niliita. Akageuka, akaanza kunitafuta, kichwa kinakwenda huku na huku kidogo kidogo. Nikasogea. "Bado," akasema. Nikasogea. "Rudi nyuma hatua moja. Hapo. Usitikisike."

Nikasimama bila kutikisika, watu wananipita na mizigo yao.

"Umezeeka," akasema.

Mdogo wangu anasema aliniona kabisa, uso mzima, alikuwa ananitazama machoni. Mimi sina hakika. Huenda aliona wekundu tu, na hayo mengine akayasema kwa kuwa miaka mitatu imepita na kila mtu huzeeka. Nimemuuliza mara mbili. Ananijibu, "Nilikuona, niache," nami nashindwa kujua kama hilo ni jibu au ni huruma yake.